Mteuzi Mbele ya Picha

Kwenye benchi la kliniki ya macho, Tabora,
tulikuwa kumi na mmoja, na picha moja ukutani
isiyo na mtu, wala mti, wala mnyama:
duara lililokosa kufunga,
pembetatu imeliegemea begani,
na chini, mraba mpana
umetulia kama usiodaiwa.

"Ramani hiyo," alisema Mgalula wa reli.
"Stesheni ile, na njia ya Mpanda inakata huku."
Mama mmoja wa Sikonge aliona mzinga uliopasuliwa.
Mlinzi akaapa kuwa wameitundika kichwa chini;
yeye alikuwepo msumari ukipigiliwa,
na aliyeichora, binti Kalunde wa Isevya,
alicheka tu alipoulizwa juu ni wapi.

Mimi nilinyamaza.
Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mteuzi wa tumbaku, Urambo.
Jani linaletwa mezani, dirisha likiwa kushoto,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
jani hili linafanana na nini.
Niliulizwa: njano yake imefika wapi?
Imekomaa, imeungua,
au bado inaficha ukijani pembeni?
Vidole hujua kabla mdomo haujasema.
Wakulima wananitazama usoni,
mimi naitazama njano.

Basi nikaitazama.
Lile duara halikuwa na njano ya ndimu
wala ya chungwa. Ilikuwa njano ya siku ya nne ndani ya bani,
usiku, moto umepunguzwa,
jani limeacha kuwa la shamba
na bado halijawa mali ya mtu.
Rangi hiyo haimo kwenye kitabu cha madaraja.
Nilikutana nayo mara nyingi
nikaipa namba iliyo jirani.

Na lugha yetu nayo, hebu fikiria:
kijani kinadaiwa na jani, kijivu na jivu,
manjano bado yananuka mchuzi.
Kila rangi imekopa jina jikoni au shambani.
Pale ukutani zilikuwa zimeshalipa.

Mraba wa chini niliuteua haraka.
"Kijivu," nikamwambia Mgalula, "daraja la mwisho, kimenyeshewa."
Akanigeukia. "Mama Nyanzobe, ile ni buluu."
Tukabishana mpaka nesi akatoka nje.
Mimi, kubishana rangi na mtu wa reli
aliyezeeka na mbili tu, nyekundu na kijani!

Daktari akasema: mtoto wa jicho, macho yote mawili.
Hukua polepole, akaeleza, hugeuka manjano,
na chakula chake cha kwanza ni buluu.
Ameanza kula lini, hakujua.
Usiku ule nilihesabu misimu yangu ya mwisho kazini,
na marobota ambayo huenda aliyateua mtoto,
si mimi.

Wakalitibu la kulia.
Bandeji ilipotoka nilipita koridoni taratibu,
mkono ukutani.
Buluu ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote,
kali, baridi, kama maji ya Igombe...
hapana, sifananishi.
Ilikuwa buluu, na uzito wa picha nzima umeikalia.
Pengo la duara lilitazama chini, kwake,
na pembetatu haikuwa imeegemea kitu:
ilikuwa inazuia visigusane.

Nikafumba la kulia: kijivu, joto,
njano imetawala mpaka kwenye fremu.
Nikafumba la kushoto: buluu.
Fumba, fumbua, picha mbili kwa msumari mmoja,
mlinzi akiniuliza kama naumwa.

Nesi aliniandikia jicho la pili, Jumatano ijayo.
Nikamwomba asogeze mbele mwezi mmoja.
"Kuna nini nyumbani, mama? Mavuno?"
Nikasema ndiyo,
mavuno.